Kocha Aliyemkataa Mhunzi

Chuo cha Penllyn, Ohio
7 Oktoba 1906

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi cha vumbi la makaa ya mgodini kinasemaje? Mimi mzima. Nimepata kazi: asubuhi nafundisha hesabu, alasiri mimi ndiye kocha wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mikononi na kuangushana. Nina vijana kumi na watatu tu, wengi watoto wa wakulima. Mwaka huu sheria imeruhusu kurusha mpira mbele, nasi tunaurusha hadi mabega yanauma. Usinikasirikie.

Mwanao, Emrys

Scranton, Pennsylvania
19 Oktoba 1906

Emrys mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mimi nimepinda mgongo mgodini ili wewe uwe wakili, nawe unawafundisha watu kugaagaa matopeni! Mama yako anakusalimu sana. Yeye hajakasirika, kwa hiyo nimekasirika kwa niaba ya wote wawili.

Baba yako, Ifor

Penllyn
24 Novemba 1906

Baba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Alhamisi, Siku ya Shukrani, tunacheza na Marlow, ambao hatujawafunga miaka tisa. Wazee waliosoma hapa zamani wameniletea mhunzi mwenye mabega kama mlango, eti acheze kwa jina la mwanafunzi. Nimekataa. Mwenyekiti wao akaniambia, "Sawa, kocha. Ukifungwa, funga virago." Huenda Krismasi nikawa nyumbani, sina kazi.

Mwanao, Emrys

Scranton
3 Desemba 1906

Emrys mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Hujaandika matokeo, wala usijisumbue. Nilikuwepo.

Nilisimama upande wa Marlow, kofia nimeishusha usoni. Niliona mpira ukiruka juu ya vichwa vya majitu ya Marlow, nikapiga kelele mpaka jirani yangu akaniuliza, "Wewe mzee ni wa wapi?" Mlipofungwa tano kwa nne, nilimuulizia yule mwenyekiti, nikamfuata nimwambie yangu. Vijana wako walikuwa wameshamzunguka, matope hadi masikioni. Mmoja akamwambia, "Kocha akiondoka, sote tunaondoka." Mwenyekiti akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Nani kasema anaondoka?"

Nilitaka kuja kukushika mkono, mwanangu, lakini machozi yalikuwa yananitoka, nikaona aibu. Kwenye treni abiria mmoja akaniuliza, "Mzee, timu yako imeshinda?"

Nikamjibu, "Imefungwa." Akanishangaa nilivyokuwa nacheka.

Baba yako, Ifor