Mshenga wa Chuma Amelevuka

Kwako Mama Wafula,

Kwa heshima na majonzi yote, natangaza kwamba soksi yangu moja ya kahawia imetutoka. Iliyobaki inaendelea vizuri na inawasalimu. Mimi pia ni mzima. Nyinyi je? Kifua cha Mama kimepoa, au bado anakohoa katikati ya mahubiri? Nimeandika kwa sababu nikipiga simu ya jirani, kijiji kizima cha Bokoli husikiliza na wengine hujibu.

Barua yako ilifika. Kumbe Wafula ameshafunga njuga, anazunguka kualika watu kwa tohara yake ya Agosti, na kila anayemuuliza kama baba atakuwepo anajibiwa, "Atakuwepo." Jibu hilo lilininyima raha, maana wiki hiyo hiyo kiwanda kiliugua.

Unajua huku Ghuba tunatengeneza amonia, ile hewa inayochoma pua, mama wa mbolea mnayonunua Kitale. Hewa mbili hupitishwa kwenye chuma cheusi kilichopondwa kama makaa. Chuma hicho ni mshenga tu: anaunganisha wawili, arusi inaisha, yeye anabaki vile alivyokuja. Sasa mtambo wa kusafisha hewa ukazembea, ikapenya ile sumu ya jiko la makaa, inayoua watu waliofunga madirisha. Ikamkalia mshenga. Joto likashuka, amonia ikakatika. Bosi akasema hakuna likizo mpaka mshale wa joto upande.

Barasa wa Kitale, tunayelala naye chumba kimoja, ni mwepesi wa kuzika.

"Bana, hiyo kitu imekufa," akasema. "Tutaipakua na kupakia ingine mpaka Krismasi. Mwambie huyo kijana akodishe baba."

"Si ungoje injinia aseme?"

"Ati ningoje? Maiti hungojewa nini?"

"Wewe ndiye ulilia ng'ombe ya shemeji yako, kumbe imelala."

Kesho yake alivaa kazini lile shati jipya alilokuwa ameliwekea safari ya nyumbani.

Injinia wetu, Mhindi asiyecheka, akasema chuma hakijafa, kimeleweshwa. Ingekuwa sumu ya salfa, hiyo ingeng'ang'ania mpaka kaburini. Basi wakafunga hewa chafu, wakatengeneza kisafishaji, wakapasha tanuri moto na kupitisha hewa safi polepole. Ndivyo tulivyomfanyia kaka yako wa Lugulu baada ya ile pombe ya busaa: upepo mzuri, na hakuna kumwongezea. Sumu ikaachilia kidogo kidogo. Mshale ukatambaa, ukasita, ukatambaa tena, na sisi wanaume wazima tumesimama kuutazama kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilijikuta nauambia, "Haya, baba, haya."

Juzi mshale ulifika pake. Bosi ametia sahihi likizo zetu bila kuinua macho. Barasa anafua shati.

Kwa hivyo nakuja, nitafika kabla ya siku yenyewe. Nisalimie Mama, shangazi anayeanzisha nyimbo juu mno, na jirani mwenye simu. Mwambie asinune, habari atazipata tu. Wafula naye alale usingizi. Baba yake atasimama mbele ya wote, macho wazi, mpaka kisu kimalize kazi.

Mimi wako,
Baba Wafula

Tena: mwombe ndugu yangu asimame nyuma yangu karibu kabisa. Nikiona damu huwa nazimia.