Mtafiti Mwenza

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi cha vumbi la ofisi niliyopewa, ambayo zamani ilikuwa stoo ya viti vibovu. Wewe je, goti limetulia? Watoto wamepokea matokeo?

Nakuandikia kwa sababu jambo hili nikilisema kwa simu utanikatiza kabla sijafika nusu. Serikali imetangaza fedha za utafiti wa sayansi na uhandisi. Waombaji ni mamia, watakaopata ni kumi na wawili. Mkuu wa idara ameniambia bila kuzunguka: mkataba wangu unaisha Juni, na mhadhiri asiye na mradi haongezewi.

Wazo ninalo, na unalijua. Unakumbuka marehemu baba alivyosimika nondo juu ya bomba, akaweka sikio, akasema "hapa panavuja", wakachimba wakakuta maji? Nataka kutengeneza kifaa kinachosikia hivyo. Kitafukiwa kando ya bomba na kupeleka sauti kwenye kompyuta. Ila kompyuta haiwezi kuitambua sauti ya mvujo mpaka ifundishwe, na anayeijua ni wewe. Mamlaka ya maji nzima huko kwenu inakutegemea, hata mafundi wanakuita Mama Sikio. Nataka uwe mtafiti mwenza. Mimi nitakuwa mtafiti mkuu, kwa kuwa sharti lao kwa mkuu ni shahada ya uzamivu.

Mwisho wa maombi ni 31 Machi. Nijibu upesi.

Mdogo wako


17 Februari

Mdogo wangu Daktari,

Marahaba. Goti lipo, siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Watoto wamefaulu, mkubwa kwa jasho lake, mdogo kwa huruma ya mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Mtafiti mwenza! Mwenza ninayemjua mimi ni mke mwenza, na huyo sijasikia hata siku moja kwamba amelala kwa raha. Yaani wewe ndiye mke mkubwa, mimi nimeletwa juzi? Nani alitangulia kwenye nyumba hii?

Nikukumbushe. Alfajiri, kabla magari hayajaanza kelele, baba alikuwa akiniamsha mimi. Tunatembea na nondo mtaa hadi mtaa. Wewe umelala, na ukiamka unapewa chai na daftari, kwa sababu wewe una akili. Mimi nilikuwa na masikio. Akili zikapelekwa shule, masikio yakapelekwa mtaroni. Leo akili zimerudi kuyaazima masikio, tena kwa fomu.

Usidhani naona wivu. Wivu wa nini? Nina miaka ishirini na miwili kazini, na sijawahi kuwachimbisha watu shimo kavu, ukiacha lile la mbele ya benki, na kosa lile lilikuwa la jenereta yao.

Daftari langu la mivujo nakutumia, kurasa zote. Usilimwagie chai. Lakini hilo neno la mwenza liondoe, silitaki. Niite jina lolote jingine.

Dada yako


12 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote. Mimi usingizi umeniruka, ila afya ipo.

Daftari limefika, na nimecheka peke yangu kama mwehu. "Bomba la chuma: linafoka kama paka aliyekanyagwa mkia. La plastiki: linanong'ona, usiliamini." Hakuna kitabu kilichowahi kunieleza hivyo. Nimenakili mengi yake kwenye andiko la mradi.

Lile neno nimeliondoa kama ulivyotaka. Sasa nisikilize vizuri. Mfumo wa maombi utakutumia linki kwenye simu. Ukiifungua utaona andiko lote, kurasa kumi na nne, na mwishoni kuna kitufe cha Kubali. Kibonyeze. Kila aliyetajwa lazima abonyeze. Mmoja tu akikosa, andiko zima linatupwa bila kusomwa. Mwisho ni tarehe 31, saa kumi na moja jioni.

Mdogo wako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Simu yako inaita tu, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi la usiku. Mnaumwa? Mfumo unaonyesha bado wewe peke yako. Kesho ndiyo mwisho. Tafadhali, bonyeza.

Mdogo wako


5 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila mimi nimesikitika mpaka chakula hakipiti.

Ni mtandao, mdogo wangu. Minara ya huku ilikuwa ikitengenezwa tangu tarehe ishirini na nane, simu ikawa haifungui kitu. Hiyo tarehe 31 nilikuwa ndani ya shimo tangu asubuhi, simu ikalowa, ilipokauka ikaisha chaji, nikaenda kwa jirani kuchaji, na jirani naye hakuwapo. Unaona mambo yanavyofuatana.

Riziki haivutwi kwa kamba. Huenda umeepushwa na jambo. Wewe ni msomi, milango iko mingi kwa watu kama wewe. Pole sana.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeandika salamu hii kwa sababu tumelelewa hivyo. Sikuwa nayo moyoni.

Nilikata rufaa. Nilikwenda mwenyewe ofisi za mfuko wa utafiti na barua yako mkononi, nikaeleza habari ya minara. Ofisa wa huko, mama mmoja mpole, akanigeuzia kompyuta yake nione. Linki ilifunguliwa kwa simu yako mara tano. Mara ya mwisho ni tarehe 31, saa kumi na dakika hamsini na mbili. Kila mara ulikaa sana ukurasa wa saba, kisha ukafunga. Akaniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nikamwambia ni dada yangu, tumbo moja.

Nilirudi kuusoma ukurasa wa saba. Ni orodha ya mahitaji ya mradi. Gari, moja. Chini yake fundi msaidizi, mmoja, na jina lako. Chini yake betri, ishirini. Ulisema nikuite jina lolote jingine, nikakuita hilo.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, nitoe wangu kwanza. Ulipolikataa lile neno nilifurahi. Nilijua unatania, kila mtu anayekujua angejua. Ningeweza kukubembeleza, sikukubembeleza, maana nilitaka ukurasa wa kwanza uwe wangu peke yangu. Unasema nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Kila alfajiri nilisikia mlango ukifungwa na nyayo zenu zikienda, nikalia mpaka mto ukalowa. Ile chai mama alinipa ili ninyamaze. Baba hakunipa ile nondo hata siku moja, na mpaka leo nikiweka sikio kwenye bomba sisikii kitu. Nilikuonea wivu miaka yote hiyo, nikaenda kusomea kifaa cha kusikia badala yangu.

Mkuu wa idara amenisogezea mkataba hadi maombi ya Septemba. Nikikosa hayo natoka. Bila sauti zako sina andiko. Nikuweke wapi, au nisikuweke kabisa? Safari hii niambie kweli.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo. Habari za goti tuziache.

Minara ilikuwa mizima. Simu haikulowa. Jirani alikuwapo, tena alinikaribisha ndani.

Linki ilipokuja nilifungua nikatafuta jina langu ukurasa wa kwanza. Nikakukuta wewe. Wa pili, wewe. Wa tatu, maneno yangu ya paka na mkia wake, na jina lako juu. Nikaja kujiona ukurasa wa saba, chini ya gari, juu ya betri. Gari limeandikiwa mpaka ukubwa wa injini. Mimi sikuandikiwa hata ile miaka ishirini na miwili. Nikafunga. Kesho yake nikafungua tena, nikidhani labda nilisoma vibaya. Nilikuwa nalitafuta lile neno. Ndiyo, lile nililolitukana. Mtu akisema hataki, mara nyingi anataka aombwe mara ya pili. Hilo chuoni hawafundishi?

Tarehe 31 nilikaa kwenye ngazi za ofisi, kidole kikiwa juu ya kitufe. Nilishuka kurasa zote hadi mwisho, nikapanda tena ile ya saba, nikarudi kwenye kitufe. Nilijua ni kazi yako. Sitakudanganya kwamba nilisahau. Nilisema moyoni, naye aonje. Saa kumi na moja ilipopita, kitufe kikafifia, nikajisikia vizuri kwa muda wa kuvuka barabara. Nilipofika upande wa pili nikageuka, nikarudi kuketi palepale kwenye ngazi.

Sikujua kuwa ulikuwa ukilia. Mimi kule mtaroni nilikuwa nalilia lile daftari lako lenye mistari. Tazama watu wazima sisi.

Nakuomba radhi. Wivu nao nisikufiche, haujaisha. Nilikuwa nao tangu siku ulipoletwa nyumbani umefungwa kwenye kanga na watu wote wakaniacha nimesimama mlangoni, na sidhani barua moja itautoa.

Njoo Juni. Tutatoka alfajiri wawili, nitakuonyesha pa kuweka sikio na namna ya kushika pumzi. Utachelewa kusikia, nami nitakucheka, uvumilie.

Hiyo Septemba niandike mtafiti mwenza, ukurasa wa kwanza, jina lako juu na langu chini yake. Linki ikija nitakwenda moja kwa moja mwisho nibonyeze, kusoma baadaye. Na ukija kuonekana kwenye taarifa ya habari umeshika hicho kifaa, watu wanakupigia makofi, nitanuna wiki nzima, najijua. Lakini nitanuna nikiwa nimeshabonyeza.

Dada yako