Boke Hajanijia Mimi

Kigera, Musoma
4 Mei 1975

Bibi Nyamburi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi na mume wangu Masatu hatujambo, shida ni mtoto. Tangu azaliwe analia na kukataa titi. Nilikuahidi ataitwa Nyamburi, kama wewe. Lakini Bibi, nimeota. Marehemu Bibi Boke, mke mwenzio, ameingia jikoni kwangu, akakalia kinu kilicholala, akasema, "Nimekuja kukaa." Kina mama wa hapa wanasema marehemu akija hivyo anaomba jina. Wewe ndiye unayetufumbulia sote ndoto. Nimwite nani?

Mjukuu wako,
Wankyo

Butiama
11 Mei 1975

Wankyo mjukuu wangu,

Marahaba. Mguu unauma na unatembea. Anayeniandikia ni Felisian, mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima. Nimemwambia asilainishe neno.

Hiyo si ndoto, ni shibe. Ulikula samaki furu wengi ukalala chali. Boke aombe jina kwa damu yangu? Baba yako nilimzaa mimi! Yeye alinikuta kwenye mji wa babu yako na watoto wangu, akachukua nusu ya mume, nusu ya shamba la ulezi, na sasa anataka mtoto? Tena nimeshatangaza kijiji kizima kwamba Musoma kuna Nyamburi mdogo. Uso nitaupeleka wapi? Mwite Nyamburi, titi atalishika.

Bibi yako anayekupenda mpaka anakasirika

Kigera, Musoma
20 Mei 1975

Bibi,

Shikamoo, na pole na palizi. Tunamwita Nyamburi, bado analia. Juzi nimeota tena, Bibi Boke ananisuka nywele huku ananitania. Usikasirike, nilifurahi kumwona. Sitabadilisha kitu bila wewe. Mkubwa wa mji wetu ndiye anayemwekea mtoto maziwa mdomoni na kulitamka jina. Tunakusubiri.

Mjukuu wako,
Wankyo

Kigera, Musoma
8 Juni 1975

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Ni mguu, au ni mimi? Mtoto amepungua. Niandikie hata matusi.

Wankyo wako

Butiama
15 Juni 1975

Wankyo,

Marahaba, mama. Mguu hauna kosa. Kwanza mpeleke mtoto zahanati leo hii, ndoto haikatazi dawa.

Nilinyamaza kwa sababu na mimi nimeota. Ndoto za watu nafumbuaga kabla uji haujapoa, yangu imenihangaisha. Nilikuwa nje ya nyumba yetu ya zamani, ile tuliyoibomoa tulipohamia kijiji cha ujamaa. Ndani, wewe na Boke mnasaga ulezi kwenye jiwe moja, mnacheka. Napiga hodi, hakuna anayegeuka. Nilipoamka nikasema, unaona, Boke mwizi! Halafu nikajiuliza kile ninachowaulizaga wengine: mle ndani ulitaka atoke nani?

Nilitaka utoke wewe. Nikae mimi.

Babu yako alikuitaga mke wake, na mimi nakuita mke mwenza, tunacheka. Ule ulikuwa wivu wa utani. Huu si utani, Wankyo. Tangu Boke afe hajanijia mimi, hata kwenye usingizi wa mchana. Mimi niliyegombana naye kila asubuhi! Mimi ninayerudi kule mahame, tulikohama, kupalilia kaburi lake! Anakwenda Musoma, mahali asipopajua, anakusuka wewe. Felisian anacheka akiyaandika haya, mwache acheke.

Ndoto yako ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeifumbua kwa hasira. Basi kama hanijii, namfuata. Jumanne napanda lori linalotoka Bunda, nitalisubiri Makutano. Maziwa nitayaweka mimi, na hilo jina la Boke nitalitamka mimi, mara moja tu, maana linanikwama. Kijiji nitakiambia ninachotaka.

Akilia nikimshika, usikimbilie kumpokea. Tuachie wenyewe. Boke alichukuaga muda kunizoea.

Bibi yako,
Nyamburi