Kona ya Majarubani

Kahama,
19 Agosti 1975

Dada yangu Mwanne,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na unieleze bila kunificha kama kifua kimempungua tangu mfike Tabora. Sisi huku hatujambo, wanao wanakula na kusoma, ila mimi situlii. Barua hii nimeianza mara tatu. Kila mara nainuka, nazunguka uani, narudi.

Katika telegramu nilikuambia tu kwamba shemeji Abdu amevunjika mguu siku ya Sabasaba. Sasa nikueleze yote.

Unaijua ile pikipiki yake yenye kigari cha pembeni, aliyouziwa na misheni. Ulipoondoka tu, akasikia kwamba Pantaleo, mchimba dhahabu wa Nyarugusu, anakuja na yake kushindana na watu wa Kahama, kwenda Kagongwa na kurudi, tena kwa njia ya ng'ombe, si barabarani. Basi nyumba yako ikageuka gereji. Mzee Mageni, fundi wa kuchomelea, aliinua ekzosi isigonge visiki, akaimarisha kigari kwa vyuma vya kitanda kibovu, akafunga tairi zenye meno na sproketi kubwa, lile gurudumu la meno la mnyororo, nyuma ili tuuweze mchanga. Shemeji hata wali ulikuwa ukipoa mbele yake, yuko chini anakaza shokomzoba.

Mimi ndiye niliyepanda kigarini. Usidhani ni kazi ya kukaa. Kwa kuwa kiko kushoto, njia ikipinda kushoto kigari hutaka kunyanyuka, na aliyemo hana budi kushika mpini na kuutoa mwili wote nje, ili gurudumu lirudi chini. Tulijizoeza wiki tatu. Shemeji alikuwa akiniambia, "Akida, mimi nina usukani tu. Uzito ni wewe."

Siku yenyewe zilikuja pikipiki nne. Kagongwa tulifika wa pili, na wakati wa kurudi tukampita Pantaleo mchangani, watu wakitupigia vigelegele. Kisha ikaja kona ya majarubani, kwenye mashamba ya mpunga, ya kushoto, ardhi imekauka na kupasuka. Pikipiki ikapindukia kulia, ikamwangukia shemeji mguuni. Mimi nilitoka na michubuko ya viwiko. Pantaleo angeweza kutupita akashinda; alisimama, tukainua chuma kile pamoja, akampeleka hospitali ndani ya kigari chake mwenyewe.

Tangu hapo shemeji hana raha. Anasema aliingia kona kwa kasi mno, akanirusha mimi, mdogo wa mkewe, nusura aniue. Ananiomba radhi kila siku. Amewaambia wazee msikitini kwamba hapandi tena pikipiki maishani. Juzi alimwita Mageni aje akikate kigari. Mageni akazunguka pikipiki mara mbili, akamwambia, "Ng'wana wane, mwanangu, mkono wangu hautaki," akaondoka. Lakini ameambiwa arudi Ijumaa.

Dada, hakunirusha. Niliruka.

Niliona gurudumu limenyanyuka kama shubiri moja, nikaona tuta linakuja, nikaachia mpini, nikaruka. Kasi ilikuwa ile ile ya mazoezini, na kona ile tulikwishaipita mara nyingi. Ningejitupa nje kama alivyonifundisha, gurudumu lingerudi chini. Mimi nikakimbiza roho yangu, nikamwachia yeye chuma chote. Wiki sita nimenyamaza, nakula chakula chake, na kila akiniomba radhi namjibu kwamba nimemsamehe. Hilo la kumsamehe ndilo linaloninyima pa kukaa.

Mdomo umenishinda. Nikimkabili nimwambie, ananiwahi kwa kuniuliza kama viwiko vimepona. Kwa hiyo barua hii siifungi kwa gundi. Alasiri hii anakwenda posta kwa magongo yake. Nitamkabidhi, nimwombe aisome yote kabla ya kuitia sandukuni. Ikikufikia, ujue ameisoma.

Wanao wanakusalimu sana. Mwahija ameng'oka jino la mbele na hataki mtu amcheke mpaka wewe ulione kwanza. Mpe Mama pole zangu, na uniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Akida