Majivu ya Majirani

Kijijini Makere,
Wilaya ya Kasulu,
Kigoma.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Tharsisi,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya mwezi wa Juni ilinifikia salama. Niliisoma mara mbili, nikaiweka juu ya redio ili nisiisahau, na bado sikuijibu. Haukuwa uvivu, wala sikuwa mgonjwa. Nilitaka kwanza nipate habari iliyokamilika ndipo nikuandikie, na habari hiyo imekataa kukamilika. Nimeona ni heri nikupe hii iliyopo kuliko kuendelea kukunyima yote.

Hamjambo huko Mtwara? Mguu wa Aline unaendeleaje? Uliandika kwamba ameanza kutembea bila fimbo, natumaini hajairudia. Wajukuu nao, je, wanasoma, au wanashinda na simu kama hawa wa huku?

Sisi hatujambo, kwa neema ya Mungu. Presha yangu imetulia tangu daktari aniondolee chumvi, ingawa siku hizi chakula cha Jumatatu hakina tofauti na cha Jumapili. Mvua zimeanza vizuri na maharage yameota kwa usawa. Mwezi wa Agosti nilifika Kibondo, nikalala siku mbili kwa dada yetu kule Kumsenga. Amezeeka, lakini ulimi wake ungali kijana. Aliniuliza kama wewe umehamia Mtwara au umehamia Msumbiji, maana hata salamu hazivuki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo linanisumbua moyo.

Irakoze, binti wa marehemu mwanangu Fidele, yuko hapa nyumbani tangu Julai. Anamalizia shahada ya pili ya kemia, na chuo kilimruhusu afanye sehemu kubwa ya utafiti wake huku kijijini. Akimaliza kabla ya Desemba kwisha, kuna nafasi ya ukufunzi katika maabara ya chuo inayomngoja. Asipomaliza, nafasi hiyo itakwenda kwa mwingine, naye atarudia mwaka.

Utafiti wake unahusu karatasi. Kwa lugha nyepesi, mti umejengwa kwa nyuzi nyembamba sana, na nyuzi hizo zimeshikana kwa gundi ya asili iitwayo lignini. Anayetaka karatasi hana budi kuiyeyusha gundi hiyo bila kuziharibu nyuzi, ndipo apate rojo la kutandaza na kukausha. Viwanda hutumia kostiki, ileile ya watengeneza sabuni. Irakoze anauliza kama maji ya majivu, yakitiwa chokaa ili yawe makali, yanaweza kufanya kazi hiyo kwa vibanzi vya mikaratusi. Ikiwezekana, watu wa vijiji kama hiki wataweza kutengeneza mifuko na karatasi za kufungia bidhaa bila kuagiza dawa kutoka mbali. Ni swali lenye manufaa, nami nilimkatia mikaratusi miwili ya upande wa bondeni bila kuombwa mara ya pili.

Bibi yake, shemeji yako Kezia, alifurahi kuliko mimi. Alimpa chungu chake cha kuchujia majivu, kile kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, akamwekea uani karibu na jiko. Irakoze alikuwa akipima majivu ya maganda ya ndizi kwa mizani, akipima na maji, akivitia chunguni, kisha akichukua maji yaliyochuruzika na kuyatia chokaa. Baada ya hapo alichemsha vibanzi kutwa nzima, akavisuuza, akavitwanga kwenye kinu na kutandaza rojo juu ya wavu. Uani kwetu palikuwa kama pana harusi ambayo bwana arusi wake ni gogo.

Wewe umekulia kwenye ua wenye chungu cha namna hiyo, kwa hiyo desturi yake unaijua. Chungu cha majivu hakina mwenyewe. Mwanamke akija kuchota maji ya kulainishia maharage, haondoki hivihivi. Hurudishia konzi la majivu ya jikoni kwake na kata ya maji, ili anayemfuata asikikute kikavu. Asiyerudishia husemwa mpaka kisimani. Lakini Irakoze amekulia Kasulu mjini kwa mama yake, na baadaye katika shule za bweni. Hilo hakulijua, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu anaweza asilijue.

Kezia ndiye aliyewaita majirani. Aliwaambia kwa fahari kwamba chungu cha mjukuu wake kinachuruza vizuri kuliko vyote hapa Makere, waje wachote. Nao walikuja, kila asubuhi, wakati mtoto bado amelala kwa uchovu wa moto wa jana. Walichota, wakarudishia kwa uaminifu mkubwa. Huyu alileta majivu ya makapi ya maharage, yule ya kuni za msituni, mwingine ya mabua ya mahindi.

Mwanzoni mambo yalikwenda ajabu. Kulikuwa na upishi mmoja uliotoa karatasi imara, nyeupe kiasi, hata mimi niliandika juu yake na wino haukusambaa. Upishi uliofuata, kwa vipimo vilevile, vibanzi vilitoka vigumu kama vilivyoingia. Irakoze alilaumu moto, kisha akalaumu kuni, kisha akajilaumu mwenyewe. Alikonda. Nilipomuuliza hali alinijibu, "Freshi tu, babu," jibu ambalo sijawahi kulipenda, na safari ile nililiamini kidogo hata kuliko kawaida.

Mwisho wa Septemba aliamka mapema, akamkuta jirani yetu Niyitegeka amefunua chungu, kibuyu kimejaa, anamimina majivu kwa mkono wa kushoto na maji kwa mkono wa kulia.

"Mama, unafanya nini?"

"Nalipa, mwanangu. Unadhani mimi ni mwizi?"

"Umeshalipa mara ngapi?"

"Mara zote! Waulize na wenzangu. Chungu chako hatujakiacha na njaa hata siku moja."

Mtoto aliketi palepale chini kwenye umande. Niyitegeka alidhani ameugua, akaja kuniita mbio. Nilipofika, Irakoze alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akirudia neno moja tu: "Wamelipa, babu. Wote wamelipa."

Kosa lake la kitaalamu ni kwamba alipima kilichoingia chunguni na hakupima ukali wa kilichotoka. Aliona hakuna haja, kwa kuwa majivu aliyatia kwa mkono wake. Kwa hiyo vipimo vya miezi miwili vimekosa msingi. Hajui ni majivu ya nani yaliyotoa ile karatasi nzuri.

Kijiji kizima kilikuwa na ushauri. Hamis mwenye duka, yule mwenye asili ya Pangani, alikuja jioni na sukari ya pole. Aliishika ile karatasi, akaipeleka kwenye mwanga wa taa.

"Hii inaandikika?"

"Inaandikika, mzee Hamis."

"Basi mbona matanga? Andika vipimo vyako vya mwanzo, funga kitabu. Huyo profesa atakuja Makere kuonja majivu?"

"Mwenzangu akifuata vipimo vyangu atapata vibanzi vigumu."

"Atalaumu kuni zake! Wewe hukulaumu za kwako?"

Wote tulicheka, na Irakoze alicheka pia. Lakini kesho yake alikwenda Kasulu mjini penye mtandao mzuri, akamweleza msimamizi wake, Daktari Asia, jambo lote bila kupunguza. Hakusema kwamba majirani wameharibu. Alisema kwamba yeye hakuwaeleza watu waliokuwa wakimsaidia. Mimi sikumshauri hivyo wala hivi, Tharsisi. Nilikuwa nimejiandaa kumshauri, nikakuta amekwisha kwenda. Nilijisikia kama mtu aliyefika shambani na jembe akakuta pamelimwa.

Daktari Asia hakugomba. Alimwambia kwamba kamati ya idara itakaa mwishoni mwa mwezi huu. Inaweza kumkubalia arudie mapishi machache, kila aina ya majivu peke yake, na aandike wazi yaliyotokea. Au inaweza kusema kazi haikutosha, arudie mwaka. Yeye atamtetea, lakini sauti yake ni moja tu.

Wanawake walipopata habari walikuja wote pamoja, wamevaa vitenge vya kanisani. Niyitegeka ndiye aliyesema kwa niaba yao, akinigeukia mimi.

"Mwalimu, mlituachaje tutie majivu kwenye shule ya mtoto?"

Irakoze ndiye aliyejibu. Aliwaomba kila mmoja amletee majivu yake katika chombo chake mwenyewe, na amwambie yametokana na nini. Sasa kibarazani kuna makopo na vibuyu vimepangwa mstari, na chungu kipya amekinunua cha kwake. Hakungoja kamati. Amesema kama watakubali atakuwa ameokoa wiki tatu, na kama watakataa atakuwa amejua alichotaka kujua. Mvua zinamsumbua, kwa sababu karatasi haikauki, ameianika hata juu ya kitanda changu.

Anayenihuzunisha zaidi ni Kezia. Hakuna aliyemlaumu, na pengine ndilo tatizo. Chungu chake amekifunika, akaweka jiwe juu. Majirani wakija kuchota, huwaambia kimepasuka, na wote wanajua hakikupasuka. Siku hizi hujibu ndiyo na hapana tu, na usiku huwa namsikia anageuka. Miaka arobaini na minane tumeishi pamoja, sijawahi kumwona akiogopa kumsogelea mtu aliyeko jikoni kwake. Sasa anaogopa. Mjukuu akikaa motoni, bibi anakaa mlangoni, kana kwamba mkono wake una sumu.

Nimejaribu kumfariji kwa maneno yaliyonyooka, nikaona yananyooka yakimpita. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, umpigie simu. Wewe ni shemeji yake, una haki ya kumtania. Mimi sina, na hata ningekuwa nayo nisingeiweza. Mwambie umesikia amejiunga na chuo kikuu bila kufanya mtihani. Mwambie anunue joho. Sema lolote, mradi acheke au akutukane, vyote vitanifaa. Piga jioni, baada ya saa moja, ndipo simu yake inapokuwa na chaji.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini jana lilitokea jambo dogo ambalo sitaki kuliacha. Irakoze alikuwa akikoroga sufuria, macho mekundu kwa moshi. Kezia akamwuliza akiwa palepale mlangoni, swali lake la kwanza kwa siku nyingi.

"Wakikukatalia, utatuchukia?"

"Bibi, wakinikatalia nitahitaji majivu mengine."

Kezia alisema kwamba zile kuni mbichi zinamtoa mtoto machozi bure, akaingia ndani, akatoka na mzigo wa kuni kavu alizokuwa ameziweka kwa ajili ya Krismasi. Aliziweka chini hatua chache kutoka motoni. Hakusogea zaidi. Irakoze aliinuka akazifuata.

Msalimie sana Aline, umwambie asiharakishe kuitupa fimbo. Wasalimie wajukuu wote, na umkumbushe yule mkubwa kwamba mimi bado najibu barua, japo kwa kuchelewa. Dada yetu wa Kumsenga anakusalimu na kukugombeza. Irakoze anamwamkia babu yake mdogo. Kezia hajui kwamba nakuandikia.

Mungu awalinde nyumbani na njiani, awape mvua ya kiasi na usingizi usiokatika. Nawe umwombee mtoto huyu. Ameomba kidogo sana kwa ajili yake mwenyewe.

Kamati itakaa tarehe ishirini na nane. Nikipata uamuzi wake, uwe wa heri au wa uchungu, nitaketi kukuandikia siku hiyohiyo, na safari hii sitaiweka kalamu chini.

Ndimi kaka yako akupendaye daima,
Venanti