Waya ya Kijani na Manjano

Tata Mukwe mpendwa,

Huko uliko, nadhani umeshakagua kuran yao, umeme wa huko, na kukuta makosa. Mi niko hapa Kolwezi, mzima, mnene kidogo, bado mzuri wa sura. Unanijua: nimefika Dilolo nikavuka hadi Angola, nimeuza samaki Kasumbalesa, na ijapokuwa niliacha shule darasa la sita, dunia imenisomesha yaliyobaki. Mtu wa namna hiyo hapendi kusema "nilikosa". Leo nasema, kwa sababu jina lako lina doa, na doa ni langu.

Unakumbuka ulivyotufungia kuran mwaka tuliooana mi na binti yako? Prizi sita za kuchomekea vyombo ukutani, zote zimenyooka kwa rula kama askari wa gwaride. Mi nilikaa kwenye kiti nikikutolea mashauri. Ulinijibu kwa heshima, maana mukwe hapigiwi kelele, lakini hukufuata hata shauri moja.

Kisha siku moja nilifungua prizi ya redio nione kuna nini. Nilizima kuran kwanza. Mi ni mjinga wa nusu tu. Waya tatu. Nikachomoa ile ya kijani na manjano, nikawasha: redio ikaimba. Prizi ya pili vilevile, na ya tatu. Nikacheka, nikasema mzee ametia shaba ya bure ukutani, na kwa mtu wa Kolwezi kuacha shaba ilale bure ni dhambi. Nikaivuta yote kutoka kwenye mabomba yake, nikaifunga uani iwe kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu alinisifu sana.

Wiki tatu baadaye binti yako alikuwa akipangusa sakafu pekupeku, akashika friji. Ilimtupa mpaka mlangoni. Mkono wake wa kuume ulikufa ganzi siku nne. Majirani walijaa jikoni, na mi, badala ya kufunga mdomo, nikawaambia hiyo ni kazi ya baba yake, macho ya wazee yanachoka. Naye aliniamini.

Ulikuja na kinga yako, baiskeli ile, kutoka Musonoi, unakanyaga polepole. Ukapita uani. Ukasimama penye vitenge vya binti yako, ukaigusa ile kamba kwa kidole kimoja, ukanitazama. Hata polisi wa mpaka hajawahi kunitazama vile. Ukaingia ndani, naye akakuuliza kama kuna kitu ulisahau.

"Nilisahau, mama," ulimwambia. "Ni buzee. Unisamehe."

Ukamtuma zahanati wauangalie mkono tena. Alipotoka langoni, uliniambia taratibu, "Shusha bitenge bya mutoto yangu, ukunje muzuri. Kisha shusha waya yangu."

Mchana ule ndio shule yangu ya kweli. Ulinionyesha kwamba waya mbili zinatoka kwenye sanduku la kuran, zinafika prizi ya kwanza, zinaendelea ya pili, hadi ya mwisho. Moja inaleta, moja inarudisha. Nilidhani prizi ya mwisho inakula mabaki. Ulicheka. Ukasema kila moja inachota palepale, kama mashine za bwawa la Nzilo zinavyokunywa mto mmoja, hakuna inayongoja mwenzake ashibe. Na ya tatu inazifuata hizo mbili njia nzima, halafu inashuka kwenye chuma ulichopiga ardhini nyuma ya jiko.

"Ile haifanye kazi, inangoja," ulisema. "Siku kuran inatoroka kuingia mu mwili ya friji, njo inaikamata inaipeleka mu udongo, na sanduku linakata. Weye ulifukuza mulinzi sababu mwizi hayakuya bado."

Nilitaka kupiga magoti. Ukaniambia nishike koleo.

Tangu hapo nimefungia kuran majirani saba, na hakuna friji iliyomng'ata mtu. Mtaa mzima hakuna fundi wa kunifikia, na ufundi huo ni wako.

Lakini siku ya matanga yako binti yako alisimama kukusifu. Akasema kwa upendo kwamba baba yake hakukosea kazi maishani ila mara moja tu, nyumbani kwake. Watu walicheka huku wanalia. Mi nilitazama viatu vyangu. Wiki ile nilirudisha sahani zikiwa zimejaa, na wanaonijua wanajua huo ni ugonjwa.

Jana nilimwambia yote. Alisogeza sahani ya bukari, ugali wetu, pembeni. Halafu akauliza kama ulijua. Nikajibu ulijua kabla hujaingia ndani. Ndipo alipolia, na hakuwa akiulilia mkono.

"Mi nilisema mbele ya batu," akaniambia. "Na weye utasema mbele ya batu."

Basi barua hii naisoma mbele ya watu. Sikieni, mliokuwa matangani, nanyi wa Musonoi, nanyi majirani mliojaa jikoni kwetu: mzee yule hakusahau kitu. Waya ilikuwepo, mi niliitoa. Alikubali kuitwa mzee aliyechoka ili binti yake aendelee kumheshimu mumewe. Nimetembea nchi mbili, na mwanaume kama yeye sijamwona.

Lala, Tata. Asubuhi hii binti yako amewasimulia wanawake wa kwaya kazi yako, na safari hii hakusema "ila".

Mi mukwe wako, niliyevuta waya.