Mgongo, Begi na Bomba

Jumatatu, 4 Machi

Safari imetangazwa! Kamanda — bosi wetu, jina hilo tulimpa wenyewe na analipenda — kaingia ofisini na ramani kwapani. Fisi-maji wameonekana kule kinamasini, mama na watoto wake. Hatujawahi kuwapata vizuri hata mara moja. Gari haliingii huko. Ni mguu tu, asubuhi nzima, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Mpiga picha anayetakiwa ni mmoja.

Mmoja! Na tuko wawili, mimi na Tai. Tai ni yule binti tuliyemwita hivyo kwa ajili ya macho yake. Ana mgongo mpya kabisa, haujatumika.

Wangu nilianguka nao mwaka jana kutoka kwenye jukwaa la kuvizia ndege. Tangu hapo nimefungiwa chumba cha nyuma, nachagua picha za wenzangu. Hii ina ukungu. Hii imekata masikio. Hii nzuri, weka. Chumba hakina dirisha na mlango wake unakwama, lazima uusukume kwa bega. Natazama simba kutwa nzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona mimi. Nitazeeka humo, najua. Nitazeeka nikisema hii ina ukungu.

Nimeinua mkono. Kamanda kauliza, mgongo vipi? Nikasema mgongo mzima, kibovu kilikuwa lile begi la zamani. Wote wakaitikia kwa kichwa. Hata mimi mwenyewe nikaamini.

Basi natafuta begi.

Jumanne, 5 Machi

Duka la kwanza. Muuzaji ana maneno huyo, hata koo halimkauki! Kila begi kwake ni la mwisho la aina yake.

Nimemwambia nataka la kubebea kamera mbili, lenzi ndogo, miguu mitatu ya kusimamishia, maji, na Bomba. Kauliza Bomba ni nini. Bomba ni lenzi yangu kubwa, nene kama bomba la maji, ndefu kama mkono wangu hadi kiwikoni. Bila Bomba fisi-maji ni kidoa cheusi kwenye maji.

Begi la kwanza linafunguka kwa mbele. Maana yake ukitaka kamera unalilaza chali, mikanda yote inazama kwenye tope, kisha unalivaa tope lenyewe. Nimekataa. La pili zipu yake inalia hadi ng'ambo ya barabara — fisi-maji wangehama na vyombo vyao. La tatu zuri ajabu, limeshonwa vizuri, lina rangi ya majani makavu. Bomba haingii. Nimelishika muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mzima kushika begi.

Kurudi ngazi za nyumbani nimezipanda mikono mitupu, na bado nikasimama katikati kupumua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani yake pale sebuleni, pini mdomoni, anapunguza suti ya mtu. Hakuzitoa pini. Kamaliza mshono mzima kwanza. Halafu kauliza kama daktari wa mifupa anajua.

Nikasema daktari kasema nisikae sana. Kweli alisema! Alisema pia nisinyanyue kitu, lakini hilo sikulitaja.

Akasema, nilikuvalisha soksi miezi yote ile, unanidanganya mimi? Tumekula kila mtu anaangalia sahani yake.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelipata! Duka la vifaa vya kupandia milima, nyuma ya stendi. Linafunguka upande wa mgongoni, kwa hiyo unalilaza kwa tumbo na mikanda inabaki safi. Zipu kimya, unaivuta kama unafungua pazia. Ndani kuna vigawanyio vya sponji unavyopanga upendavyo, Bomba kalala katikati kama bwana harusi. Na mkanda wa kiunoni mpana! Mama mwenye duka kanieleza vizuri: mabega yanashikilia tu, mzigo wote unakaa nyongani. Ukiumia mabega ujue umelifunga vibaya. Nikalivaa dukani nikazunguka, nikaruka ruka kidogo. Jepesi! Nilitaka kumkumbatia yule mama.

Lilikuwa tupu, bila shaka.

Nyumbani nimelijaza. Nimekaa kitandani, nikalivaa, nikafunga mkanda, nikasimama. Nusu ya njia kile kisu cha zamani kikaniingia kiunoni, upande wa kushoto, palepale. Nikarudi chini. Nimejaribu tena. Nimejaribu Bomba juu, Bomba chini, Bomba karibu na mgongo. Bomba karibu na mgongo ni afadhali. Afadhali siyo nzuri.

Mke wangu kanitazama kutoka mlangoni. Halafu kanivua mkanda, kaupeleka kwenye cherehani, kaongeza sponji ndani na kushona upya. Nilidhani ameridhia. Akanirudishia akasema, nashona, lakini baraka sijatoa.

Jumatatu, 11 Machi

Kesho mtihani wa njiwa. Kabla ya kila safari Kamanda hutupandisha ngazi na mizigo yetu hadi juu ya paa la jengo. Huko kuna tangi la maji, na juu ya tangi kuna njiwa. Unapiga goti, unafungua begi, unatoa kamera, unampiga picha kabla hajaruka. Ukihema sana anaruka. Zipu ikilia anaruka. Kamanda hatazami kitu kingine. Anasema mwili haujui kuandika ripoti ya uongo.

Jioni nimepanda ngazi zetu na begi lote. Nimefika ghorofa ya kwanza. Jirani kanikuta nimeegemea ukuta akauliza kama nahama.

Hapana, bwana. Sihami. Ndiyo shida yenyewe.

Nimeuchukua mto mdogo wa kulalia wa binti yetu. Nimeukunja, nikautia ndani ya kifuko cha Bomba, nikakifunga. Kwa nje huwezi kujua. Bomba mwenyewe kabaki chini ya kitanda. Njiwa hahitaji Bomba, njiwa yuko hatua chache. Ni njiwa tu. Ni mara moja tu.

Jumanne, 12 Machi

Nimeshinda.

Nilipanda kama swala. Nikapiga goti, zipu kimya, kamera na lenzi ndogo, njiwa anageuza shingo — tayari. Jicho lake limetoka kali, hadi kope. Kamanda kapiga makofi. Kasema, mzee karudi!

Tai kafika nyuma yangu jasho likimtiririka, na kila kitu chake mgongoni, pamoja na maji, ambayo mimi yangu niliyamwaga kabla ya kupanda. Njiwa kamsikia. Tai kamwona akiruka tu. Akaja kunipa mkono. Hongera mzee, kasema, na macho yake hayakuwa na kinyongo hata chembe. Afadhali angenitukana.

Furaha nilikuwa nayo, sikatai. Ilidumu hadi kwenye lifti. Tulishuka pamoja watu wote watatu, mabegi yamebanana, na lile langu likawa linabonyea kila mtu akiliegemea. Linabonyea! Lenzi ya kioo na chuma haibonyei. Nililigeuzia ukutani na kusimama mbele yake kama mlinzi.

Alhamisi, 14 Machi

Sasa sikiliza hili.

Tai kaja chumba changu cha nyuma, kasukuma mlango kwa bega. Kwenye mgongo wake — begi langu. Siyo langu, lakini lilelile, rangi ileile, duka lilelile. Anasema aliniona nikipanda akajua siri ni begi, kwa sababu mzee kama mimi, samahani mzee, asingepanda vile na mzigo ule. Kalinunua ajiandae kwa safari nyingine.

Halafu kauliza. Amelijaza, na mabega yanamuuma, kiuno kinamuuma. Anakosea wapi?

Ningeweza kusema pale. Tulikuwa wawili tu. Neno lilinifika kwenye ulimi kabisa. Badala yake nikasimama nikamkaza mkanda, nikamvuta ile mikanda midogo ya juu, nikamwambia mabega yanashikilia tu, mzigo unakaa nyongani. Maneno ya yule mama wa duka! Kayaandika kwenye simu yake. Kanishukuru. Kasema labda mgongo wake ndio mbovu.

Mgongo wake! Mimi ni mtu gani?

Nimerudi kwenye picha zangu. Sikuweza kutofautisha yenye ukungu na isiyo nayo.

Ijumaa, 15 Machi

Mke wangu kaniuliza mto wa mtoto uko wapi. Nikamwambia. Nilimwambia yote, hadi la Tai. Hakugomba. Kasema, basi kesho safarini utabeba nini, mto?

Bomba, nikasema.

Siwezi kurudi nyuma sasa. Nikisema siendi, wataniuliza kwa nini, na hapo nitarudi chumba cha nyuma siyo kama mgonjwa, kama mwongo. Nikienda — kinamasi, asubuhi nzima. Kote kuna ukuta. Nimejijengea mwenyewe, tofali kwa tofali, na njiwa juu yake.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, begi mgongoni, mkanda umefungwa. Daftari lilikuwa juu ya mto wa kulalia, nimelifikia kwa vidole. Zaidi ya hapo sifiki.

Kila kitu kimo. Bomba karibu na mgongo. Maji yote. Nimejaribu kusimama, kiuno kikakaba. Siyo kisu leo, ni koleo. Nikijisogeza mbele linabana, nikijisogeza nyuma linabana. Begi limenikalia vizuri sana, mke wangu alishona vizuri mno, halichezi hata kidogo.

Honi imelia chini. Tena. Kamanda hana subira.

Mke wangu kapiga magoti mbele yangu, kashika mikono yangu. Kauliza, nikufungue au nikuinue? Akaniambia nisijibu haraka. Yeye atashuka kuwaambia wangoje kidogo, akirudi anataka neno moja tu, na lolote nitakalosema atalifanya. Halafu akanifuta jasho kwa kiganja. Nampenda huyu mwanamke. Sijui kama niliwahi kumwambia nikiwa nimesimama.

Nasikia wanapanda. Ngazi zinabeba sauti. Siyo mtu mmoja.

Ni mke wangu na Tai. Kamanda kamwita aje dakika ya mwisho asaidie kupanga vifaa garini, ndivyo Tai anavyosema. Anamsalimia mtoto pale ngazini. Sasa anamwambia mke wangu asijali, mzee asijichoshe na ngazi, yeye atambebea begi hadi chini. Atalibeba yeye, anataka pia kuhisi likijaa linakuwaje mtu akilipanga sawasawa.

Mke wangu ananingoja mimi.

Kifungo cha mkanda kiko tumboni hapa. Ni cha kubonyeza tu, pande mbili kwa pamoja, hata mtoto anaweza. Kidole gumba kipo upande mmoja. Cha pili kimeshika kalamu.

Wamefika mlangoni. Tai anabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe na anangoja nimkaribishe. Naiweka kalamu chini.